Msaada kwa mtu mwenye ulemavu Mwanza: anzia mtaani, shika karatasi zako

Wanaotafuta kiti mwendo, matibabu, nafasi ya shule au mkopo wa halmashauri hapa Mwanza huzungushwa sana, na mara nyingi ni kwa sababu wameanzia juu. Mtu anapanda kilima cha Bugando au anakwenda ofisi za mkoa, anaulizwa barua ya mtendaji, anarudishwa alikotoka na nauli imeshateketea. Kwa aliyetoka Ukerewe hiyo ni nauli ya meli kwenda na kurudi, pamoja na mahali pa kulala. Njia fupi huanzia ofisi ya serikali ya mtaa, au ya kijiji kwa walio Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe.

Jina na barua

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya mtaa na kijiji kwenda juu. Muulize mtendaji mambo mawili: kamati ya hapa ni akina nani, na jina la mwenye ulemavu limeandikwa kwenye orodha? Misaada mingi inaposhuka, iwe ya serikali au ya mashirika, orodha hiyo ndiyo inayofunguliwa kwanza. Mtoto aliyefichwa ndani hayumo, na asiyekuwemo haitwi.

Nenda na kitambulisho cha NIDA au namba yake kama kadi haijatoka, cheti cha kuzaliwa kama ni mtoto, picha ndogo mbili au tatu, na karatasi yoyote ya hospitali hata kama ni ya zamani. Kisha omba barua ya utambulisho, na uisome hapohapo kabla hujatoka. Barua inayofanya kazi ina majina matatu kama yalivyo NIDA, tarehe ya kuzaliwa, mtaa na kata, aina ya ulemavu kwa maneno ya wazi, jina na simu ya mlezi kama yupo, jambo linaloombwa, na ofisi inayoandikiwa. Chini kuna jina la mtendaji, sahihi, tarehe na muhuri.

Kasoro zinazorudisha watu ni zilezile kila siku. Kadi inasema Juma Masanja, barua inasema Masanja Juma. Barua inasema tu "ana ulemavu", bila kueleza kama ni wa viungo, uziwi, kutoona, ualbino au wa akili. Au imeandikwa "kwa yeyote anayehusika", nayo inaishia kwenye droo kwa kuwa hakuna ofisi iliyotajwa. Omba nakala halisi mbili zenye muhuri, toa fotokopi, na ya kwako isitoke nyumbani. Ukiambiwa kuna malipo ya serikali, dai namba ya malipo na risiti. Hela ya mkononi isiyo na risiti usitoe.

Ofisi ipi, na kwa lipi

Hakikisha kwanza uko halmashauri gani. Anayekaa Kirumba, Kitangiri, Nyamanoro au Pasiansi yuko Manispaa ya Ilemela, na ofisi zake kuu ziko Buswelu. Anayekaa Mabatini, Igogo, Butimba, Mkolani, Buhongwa au Igoma yuko Jiji la Mwanza, wilaya ya Nyamagana. Ukipeleka barua ya Kirumba ofisi za Jiji, utapoteza siku nzima.

Ndani ya halmashauri kuna maofisa wawili ambao watu huwachanganya. Afisa Ustawi wa Jamii anashughulika na mtu mmojammoja: msamaha wa matibabu, maombi ya vifaa, barua za kwenda hospitali, mtoto anayenyanyaswa. Afisa Maendeleo ya Jamii anashughulika na vikundi na mikopo, na yupo pia ngazi ya kata. Ukiacha barua, andika kwenye daftari lako tarehe, jina la aliyepokea na siku aliyosema urudi. Ukirudi siku hiyo na daftari mkononi, faili hutafutwa haraka.

Afisa Ustawi pia ndiye wa kukueleza kama kaya yako imo kwenye TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, au inaweza kutambuliwa kuwa haina uwezo wa kulipia bima ya afya. Jina la TASAF haliingizwi siku yoyote unayopita ofisini. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji pale zoezi linapofunguliwa, kwa hiyo hudhuria au tuma mtu wa kukusemea. Kaya iliyokwisha kuingia iulize kama ulemavu wa mwanakaya umeandikwa, kwa sababu unahusika katika kukokotoa ruzuku.

Hospitali

Anzia zahanati au kituo cha afya ili upewe rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha Sekou Toure ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda. Kuruka ngazi hukuongezea gharama, na bima nyingi hukataa kulipa pasipo rufaa.

Kama huna uwezo, omba msamaha kabla ya huduma. Sekou Toure na Bugando zina maofisa ustawi wa jamii ndani ya hospitali. Wapelekee barua ya mtaa siku ya kwanza mgonjwa anapofika. Wengi husubiri hadi siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imefika mamia ya maelfu, na hapo mazungumzo huwa magumu. Mtoto wa chini ya miaka 5 ana msamaha kwa mujibu wa sera katika vituo vya umma, hivyo uulizie bila aibu.

Ukimwona daktari, mwombe aandike mgonjwa anaweza nini na hawezi nini, pamoja na jina la ugonjwa: "hawezi kusimama bila kushikwa, hali ni ya kudumu, anahitaji kiti mwendo chenye kishikizo cha kichwa." Karatasi ya namna hiyo inasomeka kwa afisa ustawi, kwa mwalimu na kwa shirika. Yenye neno moja la kitabibu hurudishwa.

Kwa watoto wachanga, haraka ni nusu ya tiba. Mguu kifundo, ule uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa, hutibiwa kwa plasta inayobadilishwa kila wiki kwa wiki kadhaa, kisha viatu maalum vyenye kipande cha chuma katikati, vinavyovaliwa karibu muda wote miezi ya mwanzo, kisha usiku hadi karibu miaka 4. Ukianza wiki za mwanzo, mtoto hutembea kama wenzake. Kinachoharibu ni wazazi kuacha viatu vya usiku baada ya kuona mguu umenyooka: unarudi kupinda. Mtoto wa mgongo wazi, au ambaye kichwa kinakua kuliko mwili, apelekwe mara moja bila kusubiri tarehe ya kliniki. Bugando hufanya upasuaji wa matatizo haya, na kila wiki ya shinikizo kichwani inaweza kumgharimu uwezo wa kuona na kujifunza.

Kiti mwendo kinachofaa milima yetu

Hapa tukae kidogo, kwa sababu viti vingi hutolewa kwa picha na shangwe, na baada ya miezi michache vimeegemezwa ukutani. Kiti cha hospitali chenye magurudumu madogo ya mbele hakifai Mabatini wala Igogo. Gurudumu linanasa kwenye mawe na mtu anaanguka kifudifudi. Ukiulizwa unataka kipi, omba chenye magurudumu makubwa ya mbele au cha magurudumu matatu marefu kwa ardhi mbaya, na matairi ambayo mipira yake mafundi baiskeli wa mtaani wanayo. Kama mikono ina nguvu na safari ni ndefu, kama za Magu au Kwimba, baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendesha kwa mikono hufaa zaidi nje, lakini haiingii mlangoni.

Kabla ya kuomba, pima. Mwenye kutumia akae wima kwenye kitu kigumu. Pima upana wa nyonga kwenye sehemu pana zaidi: huo ndio upana wa kiti. Pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa sentimita 3 hadi 5: hiyo ndiyo kina cha kiti. Pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino ili kupata urefu wa mahali pa kukanyaga. Mtoto akipewa kiti cha mtu mzima "atakua nacho", mgongo unalala upande na uti unapinda. Kiti kifupi mno huacha mapaja yakining'inia na uzito wote unaangukia makalio. Pima pia upana wa mlango wa nyumba na wa choo, maana hilo husahaulika sana.

Kiti bila mto ni hatari kwa asiyehisi sehemu ya chini ya mwili. Kidonda cha makalio huanza kama doa jekundu, au jeusi zaidi kwa ngozi nyeusi, na kinaweza kuua. Mwenye kiti ajiinue kwa mikono au aegemee mbele kila baada ya dakika 15 hadi 30, na mtu amkague ngozi kila jioni.

Ualbino

Mtu mwenye ualbino anahitaji mambo matatu kwa pamoja: mafuta ya kuzuia jua, uchunguzi wa ngozi angalau kila baada ya miezi 6, na kipimo cha macho. Mafuta aina ya Kilisun hutengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia kliniki ya ngozi au Chama cha Watu Wenye Ualbino siku za ugawaji, na Ukerewe uwaulize Standing Voice, shirika linalohudumia wenye ualbino. Mafuta hayatoshi peke yake. Kwenye mwalo jua linarudi kutoka majini, hivyo kivuli cha mtumbwi hakitoshi: kofia yenye ukingo mpana pande zote, mikono mirefu, na kazi za jua zipangwe asubuhi au jioni. Kidonda kisichopona kwa wiki 4 kipelekwe hospitali. Darasani mtoto akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, naye aruhusiwe kusogelea ubao.

Shule na ufundi

Muone Afisa Elimu Maalum wa halmashauri mwezi Oktoba, kabla ya pilikapilika za Januari. Atapanga mtoto apimwe na atasema shule ipi yenye kitengo kinachomfaa. Shule ya Mitindo, Misungwi, hupokea watoto wasioona na wenye ualbino. Buhangija ya Shinyanga nayo inajulikana kanda nzima. Bweni ni msaada mkubwa, lakini mtoto atembelewe, na mzazi aache namba ya simu inayopatikana. Kwa mitihani ya taifa shule iombe mapema maandishi makubwa, nukta nundu au muda wa nyongeza, na hiyo ni kazi ya mkuu wa shule, kwa hiyo mkumbushe. Anayekwenda chuo kikuu na kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo atahitaji fomu ya ulemavu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa. Kwa ufundi, ulizia VETA na chuo cha watu wenye ulemavu cha Mirongo, hapahapa jijini, kama kinapokea msimu huo.

Mkopo wa asilimia 2

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Masharti ya kundi hili ni mepesi kuliko ya wengine, hasa idadi ya wanachama, na Afisa Maendeleo wa kata atakupa kanuni za sasa. Andaeni katiba iliyosainiwa na wote, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa, akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, na mchanganuo wa biashara.

Mchanganuo ndio unaoangusha. "Biashara ya samaki" si mchanganuo. Andikeni: dagaa wa Mwaloni Kirumba, ndoo ngapi kwa wiki, bei ya kununua, gharama ya vichanja na chumvi, usafiri, bei ya kuuza, na mtafanya nini siku za mbalamwezi dagaa wanapoadimika. Jihadharini na mtu asiye na ulemavu anayewakusanya, akashika daftari na kadi ya benki. Hela ikipotea, deni linabaki kwa walioandikwa.

Kazini

Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa na sheria ya 2010 awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Itaje kwenye barua ya maombi. Aliyeumia kazini, iwe kiwanda cha samaki au ujenzi, ana haki ya fidia kupitia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na madai yapelekwe ndani ya miezi 12. Mwajiri akisema "tutamalizana", andika taarifa yako mwenyewe na uhifadhi karatasi za hospitali za siku ile ile.

Ukikwama

Vyama hufungua milango ambayo mtu mmoja hawezi: SHIVYAWATA ndilo shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, na chini yake kuna CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, CHAWATA kwa ulemavu wa viungo, TAS kwa wenye ualbino. Kiziwi anayekwenda hospitali au polisi aombe mkalimani wa lugha ya alama kupitia CHAVITA siku kadhaa kabla; mtoto wake asigeuzwe mkalimani wa mambo ya ndani ya mwili wa mzazi.

Ukikataliwa huduma, omba sababu kwa maandishi. Kisha mwandikie Mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani na kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Mkoa, ukiambatisha barua ya kwanza na kurasa za daftari lako zenye tarehe. Kwa msaada wa kisheria bila malipo, watafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Shirika la Kivulini lipo hapa Mwanza kwa wanawake na wasichana waliofanyiwa ukatili. Mtoto akifungiwa, akipigwa au akitishiwa, piga 116 bila malipo, na kama kuna tishio la kushambuliwa kwa mtu mwenye ualbino, nenda polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo, usiku au mchana.