Kabla hujabandua silikoni kuukuu kwenye tofali za kuchoma

Silikoni ya pembeni mwa madirisha ya aluminiamu ikishaanza kuachia na kuota ukungu mweusi, itoe yote. Usipake mpya juu yake, haitashika.

Kazi hii ni ya kiangazi. Vaa miwani na glovu. Nunua nyembe za akiba za kisu chako, maana tofali inamaliza makali upesi. Chana upande wa fremu, kisha upande wa tofali, halafu vuta taratibu. Mahali ilipo nzima inatoka ndefu kama kamba ya kiatu.

Fundi akikutajia grenda, mwambie airudishe kwenye begi. Mimi sikumwambia. Nyumba yetu iko Iringa, tofali za tanuri, na nje sikupiga plasta kwa sababu nilipenda ule wekundu. Fundi akafunga brashi ya waya kwenye grenda, nusu saa madirisha mawili yamekwisha, nami nikamwongezea hela ya soda. Vumbi lilipotulia nikaona kila dirisha limezungukwa na mkanda wa rangi ya chungwa, upana wa vidole vinne. Nikapitisha kidole, kikarudi na unga. Ile ngozi ngumu iliyoivishwa na moto ilikuwa imekwenda, na ndani tofali nyingi zilikuwa mbichi. Mvua zilipoanza Desemba, silikoni mpya ilikuwa imeshika vizuri kabisa; maji yalipita pembeni yake, ndani ya tofali zenyewe, na rangi ya chumbani ikavimba malengelenge. Nikaishia kupiga plasta madirisha yote. Wekundu kwaheri.

Mabaki yasugue kwa brashi ya nailoni. Ya chuma huacha chembe zinazoshika kutu na kutia madoa. Thina na petroli usimimine, tofali inanyonya na uchafu unazama nazo. Asidi ya kusafishia vyoo ndiyo usiiguse kabisa, inakula saruji ya kwenye viungo. Dawa yoyote ijaribu kwanza kwenye tofali moja nyuma ya nyumba, ungoje hadi kesho yake.

Dukani uliza silikoni isiyonuka siki. Inayonuka siki haielewani na saruji. Vitundu vya kutolea maji chini ya fremu usivizibe. Nyembe zilizotumika zifunge kwenye kopo, watoto wanaokota kila kitu. Ngazi ishikwe na mtu mzima, tena asiyechezea simu.