Mlango mpya, dhahabu ya zamani: kulinganisha maandishi ya gari la zimamoto

Gari jipya la zimamoto halinisumbui. Linakuja jekundu tupu, naanza mwenyewe. Kazi inayonitoa jasho ni gari la miaka 15 lililogongwa mlango wa dereva. Mlango umebadilishwa na kupigwa rangi, na sasa wazimamoto wanataka herufi zake za dhahabu zifanane na za mlango wa nyuma yake, ambao haukuguswa. Milango hiyo inapakana, na kosa lolote linaonekana na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Kuandika nilijifunzia Mombasa, kwenye mbao za maduka na ubavu wa matatu, kwa brashi na rangi ya mafuta. Siku hizi niko Pennsylvania, ambako vikosi vingi vya zimamoto ni vya watu wa kujitolea. Mambo haya yana mizizi ya zamani huku: Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikosi chao Philadelphia mwaka 1736, na katika karne ya 19 vikosi vilishindana kupamba pampu zao kwa picha na dhahabu. Hawa wa leo huliosha gari hata siku ambayo halikutoka. Ukiwaharibia mlango umewavunja moyo, kwa hiyo siichukulii kazi hii kirahisi.

Kwanza jua kilicho mbele yako. Kuna dhahabu halisi iliyofuliwa hadi ikawa majani membamba mno, ikabandikwa kwa mkono. Kuna stika yenye dhahabu halisi ya karati 22 iliyofunikwa kwa plastiki angavu. Halafu kuna stika ya rangi ya dhahabu tu, haina dhahabu hata chembe. Pitisha ukucha ukingoni mwa herufi: stika ina ngazi, ukucha utakwama. Kisha shika lenzi utafute maungio. Jani la dhahabu huwa mraba wa milimita 85 hivi, kwa hiyo herufi ya sentimita 25 haifunikwi na jani moja. Utaona mstari hafifu pale jani moja lilipopanda juu ya jingine. Ukiuona mstari huo, hapo alikaa fundi na majani yake.

Kama ni stika, tafuta stika ya aina ileile. Usiweke dhahabu ya mkono karibu na stika ukitumaini zitapatana. Plastiki iliyo juu ya stika hubadilisha mng'ao, na jua likipiga zitatengana hata kama karati ni moja.

Kama ni dhahabu ya mkono, acha habari ya rangi kwa sasa, usome mizunguko. Herufi nyingi za magari haya zina viduara vilivyosuguliwa juu ya dhahabu kwa kidonge cha pamba kilichofungwa kwa kitambaa cha mahameli. Fundi hukikandamiza, hukizungusha, hukiinua, husogea kidogo, hukandamiza tena. Mikwaruzo hiyo midogo ndiyo inayofanya herufi icheze na mwanga unapotembea pembeni ya gari. Pima kipenyo cha duara moja. Pima duara linasogea kiasi gani kabla ya jingine kuanza. Kisha tazama lipi limemkalia mwenzake: la kulia limefunika la kushoto, au kinyume? Safu ya juu imefunika ya chini? Mafundi wengi hukosea hapa. Ukipanga mizunguko kutoka kulia wakati mwenzako aliipanga kutoka kushoto, mlango mmoja utawaka wakati mwingine umefifia, na mwenye gari atakuambia dhahabu yako ni ya rangi nyingine, kumbe dhahabu ni ileile. Napiga picha karibu sana, rula ikiwa ndani ya picha, halafu natengeneza kidonge changu na kukijaribu mpaka duara lilingane.

Sasa rangi. Dhahabu ya karati 23 haichakai kwa mvua wala jua. Ya karati za chini ina fedha na shaba nyingi zaidi, na hizo ndizo zinazofifia. Kwa hiyo mlango wa zamani ukionekana umeiva, mara nyingi dhahabu haijabadilika. Vanishi iliyo juu yake ndiyo iliyoingia umanjano. Osha mlango huo kwa maji na sabuni laini kabla hujaamua lolote, lakini usiupige polishi. Jani lile lina unene wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na pale ambapo vanishi imekwisha, polishi italing'oa kwa mpapaso mmoja.

Waombe waliopaka mlango rangi iliyobaki kwenye kopo lilelile. Paka kipande cha bati, tandaza juu yake dhahabu ya karati 22 na ya 23, zungusha viduara, kisha funika nusu kwa vanishi isiyo na rangi na nusu kwa vanishi ya mafuta, ambayo ina umanjano wake wa asili. Kibati hicho kipeleke nje. Mwaka wangu wa pili hapa nililinganisha chini ya taa za karakana, nikaridhika, nikamaliza mlango mzima. Gari lilipotoka uwanjani, dereva wake, mzee wa makamo, alisimama hatua 20 akasema mlango huu umeandikwa na mtu mwingine. Alikuwa na haki. Nilifuta kazi ya siku tatu. Tangu siku hiyo kibati hukaa juu ya mlango wa zamani asubuhi, adhuhuri na jioni, nami nakitazama nikiwa nimesimama mbele, ubavuni na nyuma.

Kubandika kwenyewe usikuharakishe. Hakikisha rangi ya mlango imekauka hadi ndani, kisha pitisha poda kidogo ili dhahabu isishike pasipo na gundi. Hamisha mchoro kwa karatasi iliyotobolewa na unga wa chaki. Gundi changanya na tone la rangi ya njano, la sivyo hutaona ulipopita. Kisha ngoja. Gusa kwa kifundo cha kidole: kikinasa bila kutoka na gundi, na kulia "tik" ukikiondoa, wakati umefika. Ukiwahi, dhahabu inazama na kupoteza nuru, ukichelewa, haishiki. Tandaza majani yapandane milimita chache, yakandamize kwa pamba, fagia mabaki, na uache gundi iwe imara kabla ya kuzungusha, kwani mahameli hurarua dhahabu iliyo juu ya gundi mbichi.

Ukingo mweusi ndio unaoficha kingo zilizochanika, kwa hiyo pima upana wake kwenye mlango wa zamani, milimita kwa milimita. Kivuli pia usikibahatishe: tazama kinaangukia upande gani na kwa rangi gani. Mkanda unaoakisi mwanga usiuguse wala kuufunika kwa herufi. NFPA 1901, kiwango cha Marekani cha magari ya zimamoto, kilitaka mkanda wa upana wa angalau inchi 4 ubavuni, na ukipita mlangoni lazima uendelee pale ulipokatika.

Vanishi ya mwisho ivuke ukingo mweusi kidogo ili maji yasiingie chini. Waambie wazimamoto wasielekeze mashine ya maji ya kasi kwenye herufi kwa wiki kadhaa. Kile kibati cha majaribio ninawaachia wao. Nyuma yake huandika karati, aina ya gundi, kipenyo cha duara, na mshale unaoonyesha mizunguko ilianzia upande gani.