Kabla ya Kugeuza Tangi la Bustani Kuwa Makao ya Viumbe wa Majini

Mkazi wa Kisumu anayetaka tangi lake kuukuu liwe makao ya vyura, kereng'ende na mimea ya majini anapaswa kwanza kujibu swali la mbu. Ukanda wote wa Ziwa Victoria una malaria mwaka mzima, na maji yaliyotuama, yasiyo na kiumbe wa kula viluwiluwi vya mbu, hutoa mbu waliokomaa ndani ya wiki moja hadi mbili. Jibu lake ndilo litakaloamua tangi litakuwa la aina gani.

Kuna njia mbili, na ni vigumu kuziunganisha. Njia ya kwanza ni samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulieleza jinsi mabwawa ya samaki yaliyoachwa huko Kisii yalivyowekwa ngege, yaani tilapia wa kawaida, na jinsi viluwiluwi vya mbu wa malaria vilivyopungua kwa zaidi ya asilimia 94 katika wiki 15. Hata hivyo, samaki hao hao hula mayai ya vyura na watoto wa kereng'ende, nao wakizaana katika tangi dogo hubanana hata hewa ya majini isiwatoshe. Njia ya pili ni kuwaachia kazi watoto wa kereng'ende, ambao ni wawindaji hodari, ila hao huja kwa wakati wao, na mbu hawasubiri. Kwa maoni yangu, nyumba yenye watoto wadogo ichague samaki wachache, wavuliwe na kuliwa wanapokua, na mwenye kutamani vyura aweke beseni pembeni ambalo ana uhakika wa kulikagua kila wiki.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Chota maji ya juu kwa bakuli jeupe, usubiri kidogo yatulie. Kiluwiluwi kinacholala sambamba na uso wa maji ni cha mbu wa malaria. Kinachoning'inia kichwa chini, kikipumulia kwa mkia, ni cha mbu wa aina nyingine, ambaye naye hatakiwi. Ikiwa beseni limejaa viluwiluwi na hamna mtoto wa kereng'ende hata mmoja, limwagwe kwenye udongo mkavu na kuanzwa upya.

Suala la pili ni mimea, na hapa ukali unafaa. Magugu maji, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, yasiingizwe bustanini hata kama maua yake yanavutia: tangu yaonekane upande wa Kenya wa ziwa karibu mwaka 1990, yamefunga njia za mashua mara nyingi, na mbegu zake hudumu kwenye tope kwa miaka mingi. Yungiyungi na mafunjo machache kwenye vyungu yanatosha, mradi majani yafunike takriban nusu ya uso wa maji ili yasipate joto kupita kiasi. Mmea wowote uliotolewa ziwani au mtoni uoshwe na kugeuzwa jani kwa jani, kwa kuwa konokono hutaga mayai yaliyo kama utomvu mwangavu upande wa chini, na baadhi ya konokono wa ziwa hili hubeba kichocho. Anayeushika avae glavu.

Mahali pa kuweka tangi pachaguliwe kabla ya kulijaza, kwani lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja na udongo mweusi wa mfinyanzi hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Fundi aweke msingi wa kokoto au zege. Kivuli cha alasiri ni kizuri, lakini si cha mwarobaini, kwa sababu majani yake yana sumu ya wadudu. Tangi jipya la saruji lijazwe na kumwagwa mara kadhaa ili chokaa itoke. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati ni bora kuliko ya mfereji, ambayo yana klorini na yanapaswa kukaa wazi siku moja au mbili kabla ya samaki kuingia.

Watoto wa nyumbani na wa jirani wazuiwe kwa wavu imara wa chuma wenye matundu ambayo kereng'ende atapita. Ndani, matofali yapangwe kama ngazi ili chura au mjusi aliyeanguka aweze kutoka. Bomba la kutolea maji yanayozidi lifungwe kitambaa cha wavu na lielekezwe kwenye migomba, kamwe lisielekezwe kwenye mtaro unaoishia ziwani.

Kazi hii ikamilike kabla ya masika ya Machi. Mimea itangulie, samaki wafuate wiki mbili au tatu baadaye. Vyura wa beseni la pembeni hawaletwi na mtu, watafika wenyewe usiku wa mvua.