Somo: Kuandaa onyesho la kuaga la wanafunzi wa muziki wa kidato cha nne

Somo hili ni la mwalimu wa muziki wa sekondari mwenye wanafunzi watano hadi wanane wanaomaliza, bwalo la chakula linalogeuzwa ukumbi, kinanda kimoja, na ala mchanganyiko: sauti, gitaa, rekoda (filimbi ya shuleni), nyatiti au litungu (vinubi vya nyuzi), chivoti (filimbi ya mwanzi), ngoma. Siku hiyo hakuna anayetoa alama. Kijana anasimama mbele ya wazazi, walimu na wadogo zake, anawaonyesha miaka minne imemfikisha wapi. Kwa hiyo apige kile anachokimiliki, asikilizwe kwa utulivu, na asiangushwe na jambo ambalo mtu mzima angeliandaa mapema.

Hatua ya 1: Tarehe na saa

Kenya, muhula wa tatu si wa sherehe. Tangu 2016 Wizara ya Elimu imezuia ziara za wazazi na hafla za namna hiyo ili watahiniwa watulie. Chagua Jumamosi moja kabla ya muhula wa pili kufungwa, wakati ambapo vipande vya Tamasha la Muziki la shule navyo vimekwisha kuiva. Tanzania, mahafali ya kidato cha nne huangukia Septemba na Oktoba, kabla ya mtihani wa Novemba. Huko weka onyesho siku iliyotangulia, au asubuhi ile ile kabla ya risala.

Anza saa nne asubuhi. Waimbaji wawe wameamka angalau muda wa saa tatu kabla ya kuanza, kwa sababu sauti iliyotoka usingizini ni nzito na haipandi juu. Mchana chini ya bati una hatari mbili: mvua ikinyesha hakuna kipaza sauti kitakachoishinda, na joto likipanda ala nyingi hubadilika sauti, kila moja kwa upande wake.

Hatua ya 2: Vipande na hesabu ya dakika

Kila mwanafunzi apewe dakika 7, vipande viwili. Hesabu ya wanafunzi saba ni hii: kupiga dakika 49, kubadilishana jukwaani dakika 2 mara sita yaani 12, wimbo wa pamoja 6, ukaribisho 3. Jumla ni 70. Ukivuka 75 bila mapumziko, watoto wadogo huanza kulia na wazee huanza kutoka, na anayeumia ni mwanafunzi wa mwisho.

Funga orodha wiki nne kabla. Kuanzia hapo hakuna kipande kipya, hata akikuomba kwa machozi. Kipande kilichojifunzwa kwa wiki tatu husimama vizuri darasani lakini huvunjika jukwaani, kwa kuwa vidole vinakijua ila kichwa bado hakijui kiko wapi. Kipande cha mtihani wa vitendo kinaruhusiwa, kimoja tu. Kile cha pili kiwe alichokipenda tangu kidato cha pili, hata kama ni chepesi. Mara nyingi ndicho kinachopigwa vizuri kuliko vyote.

Hatua ya 3: Mpangilio

Usipange kwa alama wala kwa alfabeti. Panga kwa ala. Ala za nyuzi ziwe za kwanza, au za kwanza baada ya mapumziko, ili zilinganishwe ukumbi ukiwa mtupu. Waimbaji wanaosindikizwa na mpiga kinanda mmoja wasizidi watatu mfululizo. Baada ya hapo mikono yake imechoka na mwendo unaanza kuyumba. Ngoma zifuate sauti, zisiitangulie, maana sikio lililotoka kwenye ngoma halisikii rekoda vizuri kwa muda.

Hatua ya 4: Kulinganisha ala

Hapa ndipo maonyesho mengi huharibika, na hapa ndipo pa kutumia muda wako.

Kanuni ni moja: ala isiyoweza kubadilishwa ndiyo inayowaongoza wengine. Chivoti hutobolewa mara moja, na sauti yake haibadiliki ila kidogo sana kwa pumzi. Marimba ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mpiga chivoti apulize sauti moja ndefu ya katikati, akiwa amepuliza dakika tano kwanza ili mwanzi upate joto, halafu wewe urekebishe kinanda kimfuate. Vinanda vingi vya kisasa huwa na sehemu mbili za kufanya hivyo: moja huhamisha sauti zote kwa nusutoni (hatua ya kutoka kitufe kimoja hadi cha jirani yake), nyingine husogeza sauti kidogo kidogo kutoka hezi 440, kipimo cha kawaida cha noti A. Andika namba uliyofikia kwenye karatasi na uibandike juu ya kinanda, kwa sababu kinanda kikizimwa vingi husahau. Mwanafunzi wa chivoti akishamaliza, rudisha namba mahali pake kabla mwimbaji hajapanda. Mpe mtu mmoja kazi hiyo peke yake.

Nyatiti ina nyuzi nane, na siku hizi nyingi hufungwa mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki. Uzi mpya wa nailoni huendelea kurefuka kwa siku kadhaa, hivyo usibadilishe nyuzi juma la onyesho. Ukilazimika, badilisha siku saba kabla, na uzikaze asubuhi na jioni kila siku. Obokano (kinubi kingine cha nyuzi) na litungu zifuate utaratibu huo huo. Orutu, inayopigwa kwa uta, haina shida hii: ina uzi mmoja na kidole hutafuta sauti, kwa hiyo inaweza kumfuata yeyote.

Ngozi hulegea hewa ikiwa na unyevu. Anika ngoma juani nusu saa. Ukitumia moto, iwe mbali kiasi kwamba kiganja chako kinastahimili pale pale ngozi ilipo. Ikikaribia zaidi hupasuka pembeni mwa vigingi.

Rekoda ikiwa baridi hukusanya maji kwenye njia ya pumzi na sauti hukwama katikati ya kipande. Mwanafunzi aishike kwapani dakika kumi kabla ya kupanda.

Hatua ya 5: Vituo ndani ya kipande

Kila mpigaji awe na vituo vinne au vitano, yaani sehemu ambazo anaweza kuanzia bila kupitia mwanzo. Viandike kwa penseli. Katika mazoezi mwalimu anapiga kofi bila taarifa. Papo hapo mwanafunzi anaruka kwenda kituo kinachofuata na kuendelea bila kuvunja mdundo. Fanya hivi mara tano kila kipindi kwa wiki mbili. Siku ya onyesho akipotea, ataruka mbele, na wengi ukumbini hawatatambua. Asiyefundishwa hili hurudi nyuma, hukosea pale pale, kisha hurudi tena.

Hatua ya 6: Kuingia, kukaa, kuanza

Atembee, asimame, ainame, akae, arekebishe kiti. Kisha asianze. Kwanza aupitishe kichwani mstari mgumu kuliko yote kwa mwendo anaouweza, na mwendo huo ndio aanzie kipande. Wanaokimbilia noti ya kwanza huongeza kasi bila kujua: kipande cha mapigo 84 kwa dakika hufika 96, na pale penye noti nyingi za haraka hapapitiki.

Karatasi za noti zibandikwe kwenye kadibodi, kurasa tatu sambamba, asigeuze. Kama madirisha yako wazi, tumia vibanio vya nguo.

Hatua ya 7: Vipaza sauti na umeme

Bwalo la watu 150 halihitaji kipaza sauti kwa mwimbaji aliyefundishwa, wala kwa ngoma. Nyatiti inahitaji: weka maiki sentimita 30 kutoka kwenye ngozi, ikielekea mbali na mguu, la sivyo pete ya chuma ya kidole cha mguu na njuga zitafunika nyuzi. Spika zikae mbele ya maiki zote, si nyuma yake. Maiki ikisikia spika yake yenyewe hupiga mluzi. Angalia chini ya kinanda chako: vingi vya funguo 61 hutumia betri, mara nyingi sita. Nunua, weka, jaribu siku moja kabla. Umeme ukikatika katikati ya kipande, mwanafunzi aendelee.

Hatua ya 8: Wimbo wa mwisho

Wanaoaga watalia, na ni haki yao. Koo linalolia hujifunga, pumzi hukatika, na sauti ya juu ndiyo ya kwanza kupotea. Kwa hiyo wape kidato cha tatu soprano na beti zote. Wanaoaga waingie kwenye kiitikio tu. Wimbo utasimama hata wao wakinyamaza. Baada ya hapo kila anayeondoka amkabidhi mdogo wake ala ya shule aliyokuwa akiitumia, mkononi, bila hotuba. Orodha ya vifaa ijazwe Jumatatu.

Maswali ya walimu

Swali (mwalimu, Kakamega): Tuna kinanda cha funguo 49 tu. Kinatosha kusindikiza?

Jibu: Kwa sauti na rekoda kinatosha, mwalimu. Funguo 49 ni oktava nne. Pitia noti za mkono wa kushoto na uzipandishe oktava moja zile zinazokosekana. Ila usimpe mwanafunzi wa piano apige kipande chake humo. Vingi vya ukubwa huo havitofautishi mguso mzito na mwepesi, na kazi yake yote ya kupandisha na kushusha sauti itapotea. Afadhali uombe kinanda cha kanisa kwa siku moja, na mwanafunzi akifanyie mazoezi humo mara mbili kabla.

Swali: Mwimbaji wangu amekaukiwa sauti na zimebaki siku tatu. Nifanyeje?

Jibu: Anyamaze kabisa siku mbili. Asinong'one, kwa kuwa kunong'ona nako hukaza koo. Maji mara kwa mara, na ajifukize mvuke. Siku ya tatu jaribu dakika tano tu, wimbo ukiwa umeshushwa nusutoni mbili. Sauti ikikatika katikati au koo likiuma, asiimbe. Apige ala au asome utangulizi wa vipande vya wenzake, aonekane jukwaani na kundi lake.

Swali (Morogoro): Uongozi unataka mgeni rasmi azungumze katikati, nusu saa.

Jibu: Waombe kwa heshima hotuba iende mwisho, na uwape sababu ya kitaalamu: mwimbaji aliyekaa nusu saa koo lake limepoa, na nyuzi zimeshuka. Wakishikilia, gawa onyesho lako kuwa mawili kamili. Wanaofuata baada ya hotuba watoke nje ikibaki dakika kumi ili wapashe sauti, na ala zilinganishwe huko huko. Hili lielezwe kwa mshereheshaji mapema, asidhani wanafunzi wanamdharau mgeni.

Swali: Binti wa orutu, mkono unatetemeka akiona watu. Uta unarukaruka.

Jibu: Ongeza wasikilizaji kwa ngazi: watu watatu, kisha kumi, kisha darasa zima, katika wiki tatu. Jukwaani aanze na kipande chenye mivuto mirefu ya uta karibu na mkono, ambako uta ni mzito na hautetemeki sana. Ncha ndiyo hurukaruka. Na mpe nafasi ya pili au ya tatu, si ya mwisho. Kungoja saa nzima ndiko kunakomaliza nguvu.

Swali: Tukirekodi kwa simu, iwekwe wapi?

Jibu: Mita mbili hadi tatu kutoka kwa mpigaji, kimo cha kifua chake, simu ikiwa imegeuzwa kwa upana na imezimwa mtandao ili isiite. Usiiweke karibu na spika wala juu ya meza ya ubao, maana ubao hubeba kila hatua ya mguu. Rekodi kila mwanafunzi faili lake, na umpe kabla hajaondoka shuleni. Kuhusu kuiweka mtandaoni, subiri ruhusa ya mzazi na ya mwanafunzi mwenyewe, wote wawili.