Kutoa wimbo wa kuchekesha bila lebo: kuanzia biti hadi hela kuingia

Mwongozo huu ni wa msanii wa Dar anayetunga, anayeimba na kuchekesha mtandaoni, hana lebo wala meneja. Wengi huuliza kuhusu kamera na saa nzuri ya kuposti. Hela hazipotelei huko. Zinapotelea kwenye haki ya biti, yaani muziki unaoimba juu yake, na mara nyingi zimeshapotea kabla klipu ya kwanza haijapanda. Ndiyo maana hatua ya pili ni ndefu kupita zote.

Hatua ya 1: Andika

Kutunga unajua. Angalia mambo mawili tu. Panchi, yaani sehemu inayochekesha, ikae kwenye neno la mwisho la mstari, na biti ikatike mpigo mmoja baada yake ili mtu apate pa kuchekea. La pili ni kasi. Singeli hupita mipigo 200 kwa dakika, na kichekesho kinachojengwa polepole humo hakisikiki. Ukiitaka singeli, weka utani wa neno moja moja na kiitikio cha kuitikiana. Hadithi yenye mwanzo na mwisho inakaa vizuri kwenye 95 hadi 105.

Hatua ya 2: Hakikisha biti ni yako

Biti ya YouTube iliyoandikwa kuwa ni ya bure, kwa kawaida ni ya bure kama huingizi hela. Soma maelezo yaliyo chini ya video. Ukishaipeleka Spotify au Boomplay, ubure umekwisha.

Biti ya kukodi ni halali, lakini si yako. Prodyuza anaweza kuwakodisha watu mia biti hiyo hiyo, kila mmoja akaimba juu yake. Angalia leseni ina kikomo cha muda au cha idadi ya kusikilizwa. Kuisambaza unaruhusiwa, kuisajili Content ID huruhusiwi. Content ID ni mfumo wa YouTube unaolinganisha sauti ya kila video na faili zilizosajiliwa, na hauwezi kujua nani kaiiba na nani kaikodi. Mkodi mwenzako akiisajili, video yako ndiyo inayodaiwa. Ukiisajili wewe, unawadai wenzako, na madai ya uongo yakizidi msambazaji (kampuni inayokupelekea wimbo Spotify, Boomplay na kwingine) anaweza kufunga akaunti yako hela zikiwa ndani.

Parodi, yaani kuchukua wimbo unaovuma na kubadili maneno, ndiyo mtego mkubwa wa wachekeshaji. Leseni ya kava wanayouza wasambazaji ni ya wimbo ulioimbwa kama ulivyo. Ukigeuza maneno unahitaji ruhusa ya mtunzi, na ukitumia biti yenyewe unahitaji pia ruhusa ya mwenye rekodi. Afadhali uige mtindo: ngoma zile zile, namna ile ile ya kuvuta sauti, melodia mpya. Mtindo hauna mwenyewe, melodia inaye.

Iliyobaki, na iliyo bora, ni biti ya prodyuza wa hapa hapa, awe Sinza au Mbagala. Ila "mwanangu, biti yako hiyo" si mkataba. Andikeni karatasi moja yenye mambo haya:

- Majina ya wote wawili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, jina la wimbo, kiasi kilicholipwa na tarehe.
- Kwamba biti haitauzwa wala kupewa mtu mwingine.
- Nani anamiliki rekodi, na utunzi unagawanywaje. Asilimia zijumlishwe zifike 100.
- Nani ataisajili Content ID. Mtu mmoja tu. Mkisajili wote wawili, mfumo unaona wamiliki wanaogombana na malipo yanasimama.
- Kama kuna lupu (kipande kifupi cha muziki kinachorudiwa) au sampuli (kipande kilichokatwa kwenye rekodi nyingine) ndani, na imetoka wapi.
- Sahihi mbili na shahidi.

Kipengele cha lupu ndicho watu wanachokiruka, nacho ndicho kinachouma. Lupu zinazokuja na programu za kutengenezea muziki zinaruhusiwa kutumika, lakini ziko ndani ya nyimbo nyingi mno. Lupu ya marimba ikisikika peke yake kwa sekunde nane za mwanzo, wimbo wako unafanana na wa mtu mwingine mbele ya mfumo, hata kama nyote mna haki. Mwambie prodyuza aipige upya kwa mkono, abadili noti chache, au sauti yako iingie juu yake tangu mwanzo. Vionjo vya kuchekesha ni vile vile: kipande cha filamu, kicheko kilichorekodiwa, sauti ya mtangazaji wa mpira. Viigize kwa mdomo wako. Mara nyingi vinachekesha zaidi.

Lipa nusu mwanzoni, nusu ya pili ukipokea traki moja moja (kila ala na faili lake) za WAV za 24-bit kwenye flashi. Faili la sauti lililotumwa WhatsApp usilikubali, maana linaweza kusagwa njiani na ubora ukashuka. Fungua kila traki hapo hapo studio kwenye kompyuta yako na uhakikishe zote zinaanzia sekunde sifuri. Zisipoanzia hapo, siku ukitaka toleo lisilo na sauti ya kuimba kwa ajili ya jukwaani utazipanga kwa kubahatisha.

Wimbo ukikamilika, usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usajili wako kama msanii unafanyika BASATA, baraza la sanaa. Hivi ni vitu viwili tofauti, kimoja hakimalizi kingine.

Na ikitokea umedaiwa YouTube? Usifute video. Ukipinga ndani ya siku 5, mapato yanashikiliwa tangu siku dai lilipoingia. Ukichelewa, yanashikiliwa kuanzia siku uliyopinga. Mdai ana siku 30 za kujibu. Kwenye maelezo andika vitu vikavu: nani alitengeneza biti, lini, kwa mkataba gani. Usiandike kwamba ulimtaja mwenye biti kwenye maelezo ya video, kwa sababu kumtaja mtu si leseni. Na kama kweli haki huna, usipinge, maana unaweza kuishia na onyo la hakimiliki kwenye chaneli.

Hatua ya 3: Rekodi

Wimbo wa kuchekesha unauzwa na maneno kusikika. Nunua maiki ya dainamiki kama Shure SM58 (Kariakoo feki zake zimejaa, nunua kwa muuzaji anayekuruhusu kuijaribu), achana na zile kondensa za bei rahisi. Kondensa kwenye chumba kisicho na mapazia inaleta bodaboda, jenereta la jirani na kunguru wote wa mtaani. Zima feni, simama sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki, vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Kwenye mstari wa panchi toa mwangwi wote.

Programu yoyote inafaa, ila kwa laptopu dhaifu Reaper haina mpinzani.

Hatua ya 4: Pandisha kwa msambazaji

Kabla ya kuchagua msambazaji, angalia hela zitatokaje kwake mpaka benki yako ya Tanzania. Bei ya mwaka ni jambo la pili. Kulipia unaweza kutumia kadi ya Visa ya M-Pesa.

Picha ya jalada iwe 3000 kwa 3000, bila namba ya simu wala jina la akaunti ya Instagram. Tafuta jina lako la kisanii Spotify kwanza; kama yupo mwingine mwenye jina hilo, wimbo wako unaweza kuangukia kwenye ukurasa wake. Lugha chagua Kiswahili. Weka tarehe ya kutoka wiki tatu au nne mbele, kisha upendekeze wimbo kwa wahariri kupitia Spotify for Artists zikiwa zimebaki siku zisizopungua 7. Na jua kwamba tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12.

Msambazaji akikuuliza sehemu ya kuanzia klipu ya TikTok, usiache ichague yenyewe. Weka sekunde nne au tano kabla ya panchi.

Ukiwasha Content ID, mpe msambazaji kiungo cha chaneli yako iondolewe kwenye madai. Usipofanya hivyo atadai video zako mwenyewe na kukata sehemu yake.

Hatua ya 5: Klipu

Usipandishe kipande cha wimbo wenyewe TikTok kabla haujatoka. Kitakuwa sauti ya video tu, watu wakiigiza juu yake hesabu haiendi kwenye wimbo wako. Ukitaka kuonjesha, imba kwa gitaa tu.

Piga wima, 1080 kwa 1920, maneno yaandikwe juu zaidi ya theluthi ya chini ya skrini, si ndani yake. Taa zikiwa zinacheza kwenye video, sababu ni umeme wetu wa hezi 50: weka kasi ya shata ya kamera 1/50 au 1/100, fremu 25 kwa sekunde.

Hatua ya 6: Hela za YouTube

Matangazo yanahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mitazamo milioni 10 ya Shorts (video fupi za YouTube) ndani ya siku 90. Jaza fomu ya kodi ya Marekani mapema. Usipoijaza wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yote ya dunia. Ukiijaza, makato ni kwa watazamaji wa Marekani tu.

Ukifikisha dola 10, AdSense (huduma ya Google inayolipa hela za YouTube) wanatuma PIN ya kuthibitisha anwani yako kwa barua. Andika S.L.P. unayoweza kuifungua mwenyewe au ya mtu unayemwamini, pamoja na postikodi ya kata yako. Ukiandika "karibu na sheli, nyumba ya geti jeusi", barua haifiki. PIN ikichelewa, omba nyingine. Malipo yenyewe yanatoka salio likifika dola 100.

Hatua ya 7: Jukwaani

Kwa msanii wa aina hii shoo na matangazo ya biashara ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba, strimu hufuata. Mpe DJ toleo lisilo na sauti ya kuimba kwenye flashi, faili moja, jina lako mwanzoni. Ukilazimika kutumia simu, iweke hali ya ndege, maana ujumbe ukiingia katikati ya panchi ukumbi utacheka ujumbe. Muombe DJ asiongeze mwangwi kwenye maiki yako, na umkumbushe tena dakika moja kabla ya kupanda.