Mazoezi ya kumbukumbu kwa mzee aliyeanza kusahau sahau: tunavyofanya hatua kwa hatua

Wengi wananipigia wakiwa wameshanunua vitabu vya chemshabongo na wameshaweka magemu kwenye simu, alafu bibi hataki hata kuvigusa. Hana kosa. Mimi kazi yangu ni kuwafanyisha mazoezi wazee hapa Dodoma, wengi nawafuata majumbani kwao, kuanzia Makole na Chang'ombe mpaka huko Chamwino, na kitu nitakachokisisitiza humu mwanzo mwisho ni hiki: chagua jambo ambalo mzee mwenyewe analihitaji kila siku, fanya zoezi kwenye jambo hilo hilo, na usimpime.

Mzee ninayemzungumzia ni yule anayerudia swali, anasahau alipoweka funguo au siku ya kikao cha vikoba, watu wa nyumbani wameshaanza kuona, lakini bado anapika, anaoga, anapanda daladala, hela yake anaijua. Yaani imezidi ile ya uzee wa kawaida ila haijafika dimenshia, ile hali ya akili kupungua mpaka mtu hawezi kujihudumia mwenyewe. Na watu wasikutishe, sio kila mwenye hali hii anaishia kwenye dimenshia, wapo wanaobaki hapo hapo miaka na wapo wanaorudi vizuri, hasa ikigundulika chanzo kilikuwa kitu kinachotibika.

Hatua ya 1: hospitali kabla ya zoezi lolote

Hii usiiruke. Kusahau kunaweza kuletwa na homoni za thairodi (tezi ya shingoni) kushuka, upungufu wa vitamini B12, sonona, sukari, presha, VVU au kaswende ya siku nyingi, na hivo vyote vinapimwa. Nendeni dirisha la wazee, beba dawa ZOTE anazomeza pamoja na zile alizopewa na jirani na zile za duka la dawa, mwagia mezani daktari azione moja moja. Vidonge vya mafua kama Piriton, amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu), na diazepamu ya kulalia vinaweza kumzubaisha mzee kabisa. Ila usimkatishe mwenyewe, hasa diazepamu, kuacha ghafla ni hatari, daktari ndo apange namna ya kupunguza.

Alafu masikio na macho. Mzee asiyesikia vizuri utasema amesahau kumbe hakusikia toka mwanzo, na kuna wakati ni nta tu imejaa sikioni, inasafishwa hospitali mnarudi nyumbani mnaongea. Kutosikia vizuri kwenyewe pia kumo kwenye orodha ya vitu 14 ambavyo jopo la jarida la kitabibu la Lancet liliorodhesha mwaka 2024 kwamba vinaongeza hatari ya dimenshia na vinaweza kushughulikiwa, kwa hiyo sio jambo dogo. Macho vilevile, mtoto wa jicho, na huku kwetu kanda ya kati wazee wengi wamepitia ugonjwa wa vikope, mtu haoni vizuri alafu unampa picha akutajie majina, utamuonea.

Hatua ya 2: muulize yeye, sio watoto wake

Watoto watakwambia "tunataka kumbukumbu yake irudi". Hilo huwezi kulifanyia zoezi. Kaa na mzee, shikamoo, habari za siku nyingi, piga stori kwanza, alafu muulize siku hizi kitu gani kinakukwaza ukikifanya? Utasikia mambo ya kweli: nasahau kama nimemeza dawa ya presha, nikienda Majengo sokoni narudi bila chumvi, jina la mke wa mjukuu wangu linanitoka mbele za watu naona aibu. Chukua moja. Mawili mwisho.

Kwanini nang'ang'ania hivi? Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Marekani unaitwa ACTIVE, matokeo ya kwanza yalitoka 2002, watu 2,832 wa miaka 65 na kuendelea ambao hawakuwa na dimenshia, waligawanywa makundi, na makundi matatu yakapewa vipindi 10 vya saa moja na zaidi kidogo. Waliofundishwa mbinu za kukumbuka walipanda kwenye kukumbuka, waliofundishwa kufikiri kwa mpangilio walipanda hapo, waliofundishwa wepesi wa kuona na kuamua wakapanda kwenye wepesi. Kila kundi lilipanda pale lilipofundishwa. Kwa hiyo ukimfundisha gemu ya simu utapata mzee anayejua gemu ya simu, na chumvi bado itabaki sokoni.

Hatua ya 3: muda na mahali

Asubuhi, kama saa 3 baada ya chai, kabla jua la Dodoma halijakolea na kabla hajachoka. Redio zimwa, TV zimwa, watoto nje. Dakika 30 mpaka 45, mara 2 au 3 kwa wiki. Akichoka mnaacha, hamna cha kumalizia.

Hatua ya 4: kuvuta jibu kwa muda unaorefuka

Hapa nitakaa kidogo maana ndio zoezi ninalolitumia kuliko yote na familia inaweza kulifanya yenyewe. Tuchukue dawa ya presha. Kwanza mnapanga mahali pamoja pasipobadilika, tuseme kopo la Blue Band juu ya kabati la vyombo. Alafu inakuwa hivi:

"Bibi, dawa zako ziko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati la vyombo. Dawa zako ziko wapi?"
"Kwenye kopo la Blue Band, juu ya kabati."
"Ndiyo bibi. Twende tukalishike."

Anasimama, analishika kwa mkono wake, mnarudi kukaa. Baada ya nusu dakika unauliza swali lile lile kwa maneno yale yale. Akipata unaenda dakika 1, alafu 2, alafu 4, alafu 8, katikati hapo mnapiga stori za kawaida au mnachambua mboga. Akikosa, au ukiona anaanza kuhangaika kutafuta jibu, USIMWACHE abahatishe na usimpe herufi ya kwanza, mpe jibu lote palepale, alirudie, alafu rudi kwenye ule muda wa mwisho aliopata. Sababu ni kwamba mtu mwenye shida ya kumbukumbu akibahatisha vibaya, lile kosa nalo linashika, kesho ndo litakuja la kwanza mdomoni. Siku inayofuata unaanza na swali kabla ya kumkumbusha chochote, akijibu mwenyewe basi muda unaendelea kurefushwa, mnahamia masaa, mnahamia siku.

Na kwa kujua kama ameshameza au bado, kama hasomi wala haandiki, tunatumia vizibo vya soda 7 na vikombe 2. Akimeza dawa anahamisha kizibo kimoja toka kikombe cha kushoto kwenda cha kulia, na kuhamisha huko nako tunakufanyia zoezi kwa njia hiyo hiyo: "bibi, ukimaliza kumeza unafanya nini?", anajibu kwa kufanya. Mwenye simu ndogo ya batani weka alamu, ila alamu bila zoezi ni kelele, ataizima na kuendelea na mambo yake.

Hatua ya 5: vitu vya sokoni

Anza na vitu 4, sio 10. Mfundishe kuvipanga kwa mafungu, vya mboga pamoja (nyanya, kitunguu), vya dukani pamoja (chumvi, sabuni). Alafu aviweke kichwani ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa mpangilio anaoujua akifumba macho: mlangoni nyanya zimemwagika anazikanyaga, kwenye kochi kitunguu kimekaa kama mgeni, jikoni chumvi imejaa sufuriani, bafuni sabuni. Picha iwe ya ajabu, inashika zaidi. Baada ya hapo mnaenda kweli, wewe nyuma yake, kimya. Kikaratasi awe nacho mfukoni kama anasoma, akaangalie mwisho kabla ya kutoka sokoni. Chenji nayo apige hesabu yeye kwanza kabla muuzaji hajamrudishia.

Hatua ya 6: michezo aliyokua nayo

Kama babu alikuwa anacheza bao, hilo ni zoezi zuri sana, mashimo 32, kete 64, na ndani yake kuna kuhesabu, kupanga na kujizuia. Ongeza kitu kimoja tu: kabla hajasogeza, aseme kwa sauti kete ya mwisho itaangukia wapi. Drafti pia inafaa. Kina mama ambao hawakucheza bao nawapa njiti za kiberiti, napanga umbo wao wanalirudia, kwanza likiwa mbele yao alafu limefunikwa. Njiti hizi nazipenda kwa sababu hazihitaji mtu awe amesoma, hata watafiti waliopima wazee wilaya ya Hai kule Kilimanjaro walitumia zoezi la njiti kwenye kipimo chao kwa sababu hiyo. Kitabu cha chemshabongo kwa bibi ambaye hakuingia darasani ni kumdhalilisha.

Hatua ya 7: mwili

Kutembea. Finland walifanya utafiti wa FINGER kwa watu 1,260 wa miaka 60 mpaka 77, miaka 2, wakaunganisha chakula, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na kufuatilia presha na mambo mengine ya moyo na mishipa, na kundi lile lilifanya vizuri kuliko waliopewa ushauri wa kawaida tu. Basi tembeeni nusu saa asubuhi, na kama anatembea imara mwambie ataje majina ya ng'ombe au mazao huku anatembea. Anayeyumba asifanye haya mawili kwa pamoja, ataanguka.

Hatua ya 8: watu wa nyumbani

Maneno mawili yafutwe kabisa: "si nimekwambia jana?" na lile swali la wageni, "bibi, unanikumbuka mimi ni nani?". Linaumiza, nimeona mzee anaingia ndani na kukataa kutoka mpaka mgeni aondoke. Ukifika jitaje: "shikamoo bibi, mimi ni fulani, mtoto wa fulani." Na msimnyang'anye kazi kisa anachelewa, aendelee kupika mlenda wake, kaa karibu uangalie moto.

Hatua ya 9: daftari

Kila kipindi andika tarehe, swali, muda mrefu zaidi aliojibu mwenyewe, na kama alilala vizuri. Jambo likishika wiki 2 mfululizo bila kukumbushwa, chagua jingine. Baada ya miezi 6 mrudishe hospitali apimwe tena na daftari mwende nalo. Ila akibadilika ghafla, yaani jana alikuwa sawa leo anaongea visivyoeleweka, au anasinzia mchana kutwa, au mdomo umeenda upande, acha mazoezi: hiyo inaweza kuwa kiharusi, malaria, maambukizi ya mkojo au sukari imeshuka, na anapelekwa hospitali muda huo huo hata kama ni usiku.