Nakuru hadi Bogoria na Baringo kwa siku moja: maji ya kutazama, maji ya kuogelea na barabara iliyozama

Shemeji yangu wa Kisumu alinipigia simu mwezi uliopita. Analeta vijana 11 wa kanisa lao, wanataka kuona maziwa ya huku kwetu, wapande mlima kidogo, halafu waogelee. Nikamuuliza, waogelee wapi? Akacheka: "Shemeji, si mna maziwa kila upande huko?" Swali hilo huulizwa na kila mgeni ninayemzungusha, kwa hiyo nimeandika safari nzima ninavyoifanya, kutoka Nakuru alfajiri hadi kurudi usiku unapoingia.

Hatua ya 1: Jua maji kabla ya kufunga nguo za kuogelea

Ziwa Nakuru, Elementaita na Bogoria ni maziwa ya magadi. Chovya kidole Bogoria uone: maji yanateleza kama ya kufulia nguo, na kidole kikikauka kinabaki na unga mweupe. Yakiingia machoni utajuta. Ndege ndio wanaoyafurahia, hasa flamingo, wale heroe wa vitabuni, kwa sababu mwani wanaokula humea kwenye maji makali ya namna hiyo. Ziwa Nakuru lilipojaa na magadi yake kuzimuliwa, mwani ukapungua na flamingo wengi wakahamia Bogoria. Basi mgeni anayetaka ile picha ya ufuo wa waridi, simpeleki Nakuru kwanza.

Naivasha na Baringo ni maji matamu, na hapo ndipo watu hudanganyika. Naivasha kuna viboko. Baringo kuna viboko na mamba. Utakutana na mtu atakayekuapia kwamba mamba wa Baringo ni wadogo na hawana shida na binadamu. Hiyo hadithi ni ya zamani, na wakazi wa ufuoni wameshaumizwa na mamba hao.

Kwa hiyo jibu nililompa shemeji: ziwani hamwogelei. Mtaogelea kwenye bwawa la hoteli iliyo karibu na Loboi, pale pa kuingilia Bogoria, ambalo hujazwa maji ya moto ya chemchemi. Wakinuna, wanune.

Hatua ya 2: Gari, pesa, kitambulisho

Matatu ya viti 14 ya kukodi, yenye dereva anayeijua njia ya Baringo. Mimi sipendi gari dogo la chini kwa safari hii, hata likiwa jipya. Kila Mkenya abebe kitambulisho chake halisi, la sivyo anaweza kutozwa bei ya mgeni. Hifadhi ya Bogoria iko chini ya Kaunti ya Baringo, si KWS (shirika la wanyamapori la taifa), kwa hiyo usifikiri ukishalipia Ziwa Nakuru kwenye eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, umemaliza. Maji ya kunywa, lita tatu kwa kila mtu. Na mayai, sababu yake nitaieleza kwenye Hatua ya 5.

Hatua ya 3: Menengai alfajiri

Tokeni mjini saa kumi na moja ili jua liwakute ukingoni mwa Menengai, shimo la volkano lililo juu ya mji wa Nakuru, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Shimo lile lina upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na asubuhi mvuke wa visima vya nguvu za mvuke huonekana wazi huko chini. Tembeeni ukingoni saa moja, mrudi garini. Msiteremke ndani siku hii: kule ni mawe ya volkano, vichaka na jua, hakuna maji, na ni kazi ya siku nzima. Tena ninyi mko wengi.

Hatua ya 4: Barabara ya kuingia Bogoria

Hapa ndipo nilipopoteza saa nne.

Kutoka Nakuru mnapita Mogotio, mnavuka Ikweta (kuna bango, watataka picha, wape dakika tano), mnaelekea Marigat. Kabla tu ya kufika Marigat mnakata kulia kwenda Loboi. Mpaka hapo ni lami na usingizi. Shida inaanzia pale simu inapokwambia umebakiza kilomita chache.

Tangu karibu mwaka 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru lilimeza lango kuu la hifadhi hadi likahamishwa. Bogoria nako maji yaliingia kwenye lango la zamani la Loboi, yakafunika na barabara ya ufuo wa magharibi iliyokuwa ikienda chemchemi, ikabidi njia nyingine ipasuliwe juu zaidi. Wazee hawashangai sana. Ukipita makumbusho ya Hyrax Hill hapa Nakuru utaelezwa kwamba ziwa la kale lilifika hadi miguuni mwa kile kilima. Lakini ramani ya simu haina habari hiyo.

Siku hiyo nilikuwa na familia moja ya watu tisa. Ramani ilionyesha mstari mzuri kando ya ufuo, tukaufuata. Barabara ikaingia majini taratibu, hakuna kibao, hakuna hata jiwe la kuzuia, kama njia ya kuteremshia mashua. Mbele yetu migunga iliyokufa imesimama ndani ya ziwa, imevaa magadi meupe hadi kiunoni. Dereva akataka kugeuza. Pembeni palionekana pakavu kabisa: ganda jeupe, limepasukapasuka kama chapati ya juzi. Gurudumu la nyuma likalivunja. Chini yake tope jeusi, laini kama grisi, linanuka mayai viza. Kila tulipokanyaga mafuta tulizama zaidi, na kila jiwe tulilotupia lilimezwa bila sauti. Tukavua viatu kusukuma. Hapo nikajifunza jambo jingine: mwenye nyufa za kisigino asiingie tope la magadi. Linachoma kama pilipili. Tuliokolewa na vijana sita waliokuja na kamba na matawi, nao walitudai pesa ya haki kabisa.

Tangu siku hiyo ninafanya hivi.

Nikifika njia panda ninasimamisha gari na kuuliza, lakini siulizi kama barabara iko sawa. Ukimuuliza mtu hivyo atakujibu "iko sawa", kwa sababu wewe ni mgeni na hataki kukuvunja moyo. Ninaanza na salamu ya Kikalenjin, "Chamgei", ninangoja niitikiwe "Chamgei mising", ndipo ninauliza: mara ya mwisho umepita lini, na ulikuwa na nini? Akisema jana kwa bodaboda, hilo si jibu. Bodaboda hupita hata penye upana wa mbuzi. Namtafuta dereva aliyetoka huko asubuhi hiyo hiyo na gari la uzito kama langu. Wa kuaminika zaidi ni wanaopeleka bidhaa hotelini, maana wao wakikwama wanakatwa mshahara.

Nauliza asubuhi ya safari, hata kama nilipiga simu jana yake. Mvua ikinyesha milimani usiku, makorongo huteremsha maji hata kama Loboi hakujadondoka tone.

Picha ya setilaiti kwenye simu inasaidia kuliko ramani ya mistari, mradi uangalie ni ya mwaka gani. Ukiona barabara inapita juu ya rangi ya ziwa, barabara hiyo haipo tena.

Gari halitoki njiani kukanyaga ardhi nyeupe, hata kwa kugeuza tu. Rudini kinyumenyume mlikotoka, hata nusu kilomita. Dereva akibisha, mwambie ashuke apige kisigino chini. Pakiitika kama debe tupu, ndani kuna tope.

Mkikwama: acheni kukanyaga mafuta mara moja, watu wote washuke, punguzeni upepo wa magurudumu, chimbeni mbele ya gurudumu kwa mikono, mlaze matawi. Matawi ya mgunga yana miiba, yatawatobolea gurudumu muwe na shida mbili.

Na mchukue mwelekezi wa palepale. Sisemi hivi kwa ajili ya barabara pekee. Watu wa jamii ya Endorois waliondolewa kando ya ziwa hili miaka ya 1970 ili hifadhi ianzishwe, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua kesi yao kwa upande wao, uamuzi uliotangazwa mwaka 2010. Ukitembezwa na mtu ambaye babu yake alichunga ng'ombe palepale unapopiga picha, unaliona ziwa kwa namna nyingine.

Hatua ya 5: Chemchemi na mayai

Chemchemi za Loburu zinatokota kwelikweli, na baadhi zimefunikwa na ziwa, kwa hiyo utaona maji ya ziwa yenyewe yakichemka mahali bila moto. Kanyaga pale tu mwelekezi anapokanyaga, maana ganda la pembeni ni jembamba na lililo chini yake linachubua ngozi. Watoto washikwe mkono. Sijali wana miaka mingapi.

Mayai: yatieni kwenye wavu wa vitunguu, ule mwekundu wa sokoni, mfunge kwenye fimbo ndefu, mchovye dakika kumi, na dakika mbili za ziada kwa mwenye wasiwasi. Mfuko wa plastiki utalegea. Mbebe chumvi yenu, msidhani magadi yatatosha. Maji yenyewe msiyanywe hata yakipoa. Yana floridi nyingi, na sisi watu wa Nakuru tunajulikana kwa meno ya kahawia hata tukiwa Mombasa, kwa sababu ya floridi hiyo hiyo kwenye maji ya visima vyetu.

Hatua ya 6: Kuogelea

Bwawani. Mkiona kizunguzungu tokeni, maji ni ya moto na nje pia ni joto. Nusu saa, mpumzike kivulini, mrudi.

Hatua ya 7: Baringo kwa mashua

Rudini Marigat, muendelee hadi Kampi ya Samaki, mfike saa nane au saa tisa. Pataneni bei kabla ya kupanda na muulize kama ni ya mashua nzima au ya kichwa. Maboya yavaliwe, si kukaliwa. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa kwa udongo unaotoka milimani, kwa hiyo kiboko hamtamwona hadi atoe masikio, na nahodha asisogee karibu eti mpate picha. Mikono ibaki ndani ya mashua. Mkibahatika mtamkuta mvuvi wa jamii ya Ilchamus amekaa kwenye kichombo chake cha miti myepesi, miguu karibu imo majini, huku mmoja wenu anauliza tena kama kweli kuna mamba.

Hatua ya 8: Kurudi

Ondokeni saa kumi na nusu. Asali inauzwa kando ya barabara. Mimi hununua iliyo nyeusi, tena baada ya kuionja. Viatu vilivyokanyaga magadi visafisheni usiku huohuo kwa maji mengi. Vya ngozi vikilala hivyo hivyo, asubuhi vitakuwa vimekakamaa kama mbao, na shemeji alinipigia simu ya pili kuniuliza kama kuna dawa. Hakuna.